Mama Kafumba Mara Kumi na Moja

Kijiwe hiki hakina jina wala mwenyekiti. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya studio ya picha, na mwenye studio hajawahi kuulizwa kama anakubali. Kila siku baada ya saa nane mchana, kivuli kikishahamia upande ule wa mtaa, wenyewe wanakuja. Yupo fundi simu wanayemwita Injinia, ingawa cheti chake cha mwisho ni cha chanjo. Yupo karani mstaafu, Risiti, ambaye hakubali jambo lolote lisilo na ushahidi wa maandishi isipokuwa lile alilolisema yeye. Na yupo muuza kahawa, Birika, anayekuuzia kikombe kimoja na maoni matatu. Mwenye studio naye wamempa jina la Tabasamu, kwa sababu ndilo neno analolipigia kelele kutwa nzima akiwa kazini. Siku hiyo mwenyewe hakuwa nalo hata chembe.

Alitoka ndani na fremu kubwa yenye kioo, akaketi, akaisimamisha juu ya mapaja.

— Jamani, nataka neno moja tu. Moja! Ndiyo au siyo. Huyu mama anaonekana wa kawaida?

Neno moja, kijiweni! Angeomba mvua angeipata upesi zaidi. Injinia alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

— Kwanza nikupe hongera, kaka. Mizani imekaa. Watatu kulia, watatu kushoto, mama kwenye kiti mbele yao, katikati. Picha ya kitabuni kabisa.

— Sijauliza mizani. Nimeuliza mama.

— Mama, alisema Risiti akiinamia kioo, anaonekana kama mtu anayeulizwa na afisa wa uhamiaji anakwenda wapi na atarudi lini.

Tabasamu aliguna. Alikuwa ameshikwa. Macho yale kweli aliyatoa kwenye picha ya paspoti ya mama huyo huyo, aliyompiga mwaka juzi, na tangu asubuhi alikuwa kwenye kompyuta anayahamishia kwenye picha hii, jicho moja baada ya jingine.

— Kwani yake yalikuwa na nini? aliuliza Birika, akimimina.

— Kafumba. Nimepiga mara kumi na moja, na mama kafumba mara kumi na moja.

Na si picha ya kurudia. Mama yule alihangaika miaka tisa kuwakutanisha wanawe. Huyu akipata likizo, yule anakosa nauli. Yule akija, huyu mkewe anajifungua. Jumamosi iliyopita ndipo walipokutana wote, saa mbili tu, uani kwa mama yao, na kufika Jumapili jioni kila mmoja alisharudi kwake, mmoja kwa ndege. Mama alimwambia Tabasamu: "Mwanangu, nina miaka sabini na minne. Nipigie hii, sitakuomba nyingine." Saa kumi angekuja kuchukua picha yake. Ilikuwa saa tisa na robo, na Tabasamu alikuwa na hofu ya mwanafunzi anayengoja matokeo anayoyajua.

— Hilo tatizo ni la megapikseli, alisema Injinia. Kamera yako ina chache. Zikiwa chache, picha inachelewa kuingia. Mama alikuwa na macho wazi, picha ilipofika akawa ameshachoka kusubiri.

— Megapikseli hazihusiani na kuchelewa!

— Simu yangu ina mia na nane. Umeshaniona mimi nimefumba?

— Wewe umejipiga mwenyewe tu tangu uinunue.

— Basi ongeza kasi. Kuna kale kanamba ka kasi, kazungushe hadi mwisho.

— Haraka haraka haina baraka, alionya Risiti. Kamera ikienda mbio inapiga macho kabla hayajawa tayari. Mimi kosa nimelijua. Ulihesabu?

— Nilihesabu nini?

— Ulisema "moja, mbili, tatu"?

— Nilisema. Kila mtu anasema.

— Ndiyo hapo! Kizazi cha huyu mama, zahanati walikuwa wanadungwa sindano kwenye tatu. Mtu akisikia moja, mbili, mwili wenyewe unajifunga. Na si macho tu. Kama kungekuwa na namna ya kupiga picha tumbo, ungekuta nalo limefumba.

Birika alicheka hadi akamwagia kahawa kiatu cha Injinia. Tabasamu hakucheka. Kilichomkera zaidi ya yote ni kwamba kosa lenyewe alikuwa analijua. Miezi mitatu alikuwa akijinoa kwa video za mafunzo mtandaoni, na mwalimu mmoja alimfundisha kuwasha ile flashi inayomulika kidogo kwanza ili macho yasitoke mekundu, halafu ndiyo imulike ya kweli. Mmweko wa kwanza unamshtua mzee, wa pili unamkuta kafumba. Alilisoma jambo hilo Jumatatu, siku mbili baada ya kupiga. Kumwambia nani? Hawa wangemtungia jina jingine.

— Labda mwanga ulikuwa hafifu, alisema Injinia. Mtu akiwa gizani analala.

— Mwanga ulikuwa safi! Tabasamu alipandisha sauti. Angalieni uso huu. Hakuna kivuli hata chini ya kidevu. Nilikuwa na ubao mweupe umeshikwa pembeni, unarudisha jua usoni kwake. Hii kazi nimeisomea, bwana! Mnaniongelea kama nimeokota kamera jalalani!

— Usikasirike, alisema Birika. Macho hayana pazia.

— Ya huyu mama yana pazia kumi na moja, alisema Risiti.

— Ulibonyeza kwa kidole kimoja? Injinia aliuliza.

— Sasa kamera inabonyezwa kwa vingapi?

— Kidole kimoja hakivunji chawa. Ungebonyeza kwa viwili, kamera ingepata nguvu.

Tabasamu aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa fremu. Alitamani kuwafukuza wote, lakini ubao haukuwa wake, matofali hayakuwa yake, na mara nyingine walimletea wateja.

— Nisaidieni na lililopo, alisema. Niache haya ya paspoti, au nirudishe ya kufumba?

— Mpe ya mwanawe. Si damu moja? alisema Injinia.

— Nilijaribu ya binti mkubwa. Mama akawa anamkonyeza mtu.

— Na ya huyu kijana wa miwani?

— Injinia, nimhamishie mama na miwani?

Birika alishusha birika lake chini. Akishusha birika ujue limekuja kubwa.

— Sikilizeni. Mnahangaika kumfumbua mmoja. Wafumbeni wote! Wafumbe wote kwa kompyuta, na mama abaki hivyo hivyo alivyofumba. Hapo nani atasema kakosea? Watu wataitazama ukutani, watasema, hii familia ilikuwa inaomba dua.

 Kisha Risiti, mtu aliyefanya kazi za ofisi miaka thelathini na mbili, akakubali kwa kichwa polepole kama aliyeona mwanga.

— Penye wengi hapaharibiki neno, alisema. Wafumbe wote.

— Mimi nawaambia mmeharibu siku yangu nzima! alifoka Tabasamu. Nimeuliza ndiyo au siyo!

— Hodi hapa.

Waliruka wote. Mama mwenyewe alikuwa amefika, dakika ishirini kabla ya wakati, akipanda ngazi moja ya studio kwa kushika goti. Nyuma yake alikuja binti yake anayekaa naye, mtu mzima mrefu wa miaka arobaini hivi, mkoba wa mama begani, mwavuli wa mama mkononi, na mfuko wa dawa kwenye kidole.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Ndiyo hii?

Risiti alisimama kumpisha. Mama hakuketi. Aliichukua fremu, akaiegemeza ukutani juu ya ubao, akarudi hatua moja. 

— Macho umeyafungua, alisema mama.

— Mama, nisamehe. Ulikuwa umefumba, sasa mimi nika...

— Mimi hufumba. Picha ya harusi yangu nimefumba. Ya paspoti ulinirudia wewe mwenyewe mara tisa, umesahau? Ungeniuliza tu.

Injinia alianza kukagua kiatu chake chenye kahawa. Tabasamu alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mzigo ulimshuka, akataka hata kucheka. Basi mambo yamekwisha, alijiambia. Mama hana neno.

Mama alikuwa ameweka kidole kwenye kioo. Kilianzia kushoto kwa mkubwa, kikapita uso kwa uso, midomo yake ikitaja majina bila sauti, kikafika mwisho. Kikarudi. Kikaanza tena.

— Nimezaa saba, alisema. Hapa nawaona sita.

Muda wote huo watu wanne walikuwa wameikodolea macho picha ile. Walikuwa wamekagua kope, videvu na vivuli. Hakuna aliyehesabu.

— Wa tano yuko wapi?

Tabasamu aligeuka. Wa tano alikuwa amesimama pale pale penye ngazi, na mkoba, na mwavuli, na dawa. Ndipo alipomkumbuka. Saba walikuwa wanamharibia mizani, watatu upande huu na wanne upande ule, na video ilisema pande zilingane. Akamwita aliyekuwa karibu, aliyekuwa anazunguka akiwapangia wenzake viti: "Dada, wewe mrefu, nishikie ubao huu hapo pembeni. Usitingishike." Dada akasema sawa. Akaushika juu ya kichwa kwa mikono miwili, mara kumi na moja, na hakutingishika hata mara moja. Tabasamu hakuwahi kupata mtu aliyeshika vizuri kama yule.

— Nilikuwa nashika ubao wa mwanga, mama, alisema binti haraka haraka. Nilikuwepo. Picha ni nzuri, twende, jua kali.

— Sijakuuliza wewe. Mimi walikuwa mgongoni kwangu, sikuona. Ndugu zako sita, hakuna aliyesema?

Binti aliusogeza mkanda wa mkoba begani. 

— Naweza kumwongeza, mama! Tabasamu alidakia. Kompyuta inaweza kabisa. Nampiga hapa hapa sasa hivi, dakika moja, namwingiza na yeye.

— Utamweka wapi?

Aliitazama picha. Mabega yalikuwa yamegusana kutoka mwanzo hadi mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyewabana, akipiga kelele sogeeni, sogeeni, sitaki kuona pengo. Alimtazama Injinia, ambaye hajawahi kukosa jibu. Injinia alimtazama Birika. Risiti alifungua mdomo, ikaonekana methali inakuja, halafu akaufunga.

 Mama akaishika fremu kwa pande mbili na kuinyanyua.

— Lete nibebe, mama, ina kioo, alisema binti.

— Acha. Hii naibeba mwenyewe.

Akashuka ngazi taratibu, goti likimuuma, fremu kifuani. Hatua chache mbele akampokonya binti mwavuli na mfuko wa dawa, mbele kidogo akamvua mkoba begani, mpaka wakakata kona mama ametangulia na mizigo yote, na binti yuko nyuma yake, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.