Sahani Tisa za Bi Rukia

Bwana asifiwe, ndugu zangu, nanyi mliosimama mlangoni na joto la leo, asifiwe pia. Mnanijua. Mimi ni Mama Pendo wa kwaya, yule wa sauti kubwa kuliko mwili. Leo sikuja kuimba. Nimekuja kuwaeleza jinsi Mungu alivyonitoa kwenye njaa, na kwenye kitu kibaya kuliko njaa, yaani aibu yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa napiga pasi mashuka ya hoteli kule Mbaraki. Mume wangu ameshafariki, lakini kwa pasi ile mimi na Pendo tulikula tukashiba. Siku moja wenye kazi wakaleta mashine. Tuliambiwa tupumzike kidogo, na mpaka leo bado ninapumzika. Vibarua nilivitafuta nikachoka, tukawa tunakula mara moja kwa siku, na siku nyingine ni chai kavu. Jumapili nilikuwa nasimama hapa nikiimba sauti ya kwanza, na tumbo likiimba ya pili. Hakuna aliyejua. Nilijipaka mafuta nikang'aa.

Sasa, hapo Tudor mlango wangu unatazamana na wa Bi Rukia, mama wa Kiislamu, kwao ni watu wa Mji wa Kale tangu enzi za babu zao. Bi Rukia akipika, lazima jirani aonje. Leo mbaazi kwa mahamri, Ijumaa biriani. Na alikuwa akileta kwenye sahani zake za maua mekundu alizoletewa na kakake kutoka Muskati.

Nanyi mwajua desturi yetu. Sahani ya jirani huirudishi tupu. Unatia chochote, hata sukari kidogo, hata ndimu mbili. Mimi ndimu sikuwa nayo. Basi ile ya kwanza tulikula, nikaiosha, nikaisukuma chini ya kitanda, nikasema kesho nitapata cha kutia. Kesho ikaja sahani ya pili. Ndugu zangu, zilifika tisa! Na kila nikipanda kitandani, zinalia.

Nikaanza kumkimbia yule mama. Akibisha hodi, namziba Pendo mdomo, tunakaa kimya kama hatupo, huku biriani inanukia mlangoni. Fikiria ujinga huo. Nina njaa, na chakula nakifungia mlango. Mwisho Bi Rukia akaacha kubisha.

Haikupita muda, Pendo alianguka mstarini shuleni, asubuhi, mbele ya wenzake. Mwalimu alimpa uji, akazinduka. Nilipokwenda kumchukua aliniambia, "Mama, sikumwambia mtu." Mtoto wa miaka minane ananitunzia siri! Nililia njia nzima.

Na hakuwa Pendo peke yake aliyekuja shuleni na njaa. Mwalimu mkuu akaita wazazi, akaita kanisa letu, akaita na kina mama wa msikitini. Wauza mboga wa soko la Marikiti walikubali kuleta mboga na nyanya zisizonunuliwa. Msikiti ukatoa mchele na maharagwe, kanisa likatoa mkaa na sufuria, na sisi wazazi tungewapikia watoto pale shuleni kwa zamu. Kila kitu kikapatikana isipokuwa vyombo vya kulia. Mwalimu akauliza, "Sahani je?" Akasimama Bi Rukia, kiongozi wa kina mama wa msikitini. Akasema, "Mie ningeleta, lakini za nyumbani zimepungua, wallahi siyui zimekwenda wapi." Wala hakunitazama.

Nikisema, nitaitwa mwizi wa sahani, na kwaya nzima itajua kuwa ninalala njaa. Nisiposema, mwanangu atapakuliwa kwenye nini, nami nimezificha sahani tisa? Nikamwambia Mungu, nipe miguu tu, mdomo utafuata. Nikatoka kama ninayekwenda msalani, nikaenda nyumbani, nikazifunga kwenye leso, nikarudi nazo zikigongana. Nikaziweka mbele ya Bi Rukia, nikakiri yote, mbele ya watu wote.

Bi Rukia aliniangalia, akasema, "Mama Pendo, mie nlidhani nimekuudhi. Nlidhani chakula changu hukitaki kwa ajili ya dini. Kumbe weye una ndaa?"

Nikasema, "Sikuwa na kitu cha kutia, Bi Rukia."

"Nani alokuuliza kitu, mwanangu?" Akanifuta machozi kwa buibui lake, kisha akanikabidhi mwiko. "Haya, shika. Zamu ya kwanza ni yako."

Hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu. Yale mawazo ya kuonekana nimeshiba yaliniacha mchana ule ule, mkononi nina mwiko. Kina mama wengine nao wakaleta sahani za kwao, lakini ya kwanza ya maua mekundu alipakuliwa Pendo, na alirudi kuongeza mara mbili. Siku hizi watoto wanakula shuleni kila mchana. Bi Rukia amenifundisha mahamri, nauza asubuhi karibu na lango la shule, na yanafura vizuri kuliko yake, ila msimwambie. Juzi nilimpelekea sahani yenye ndimu mbili. Alizipokea kama nimempelekea mbuzi.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi, na wale wa msikitini, na wa Marikiti. Na wewe uliyekaa hapo umejipaka mafuta ukang'aa, nakujua, kwa sababu nilikuwa wewe. Mwamini Mungu, naye atakupa miguu. Ibada ikiisha nenda nyumbani, inama chini ya kitanda, toa sahani ya jirani yako umrudishie. Mrudishie tupu hivyo hivyo. Anakungoja.