Viti Viwili vya Gari la Papa Grégoire

Viti vile viwili vya ngozi havikuwa vya kijiwe chetu. Camille fundi alivitoa garini ili avishone, akaviweka juani mbele ya karakana yake pale Ibanda, kwa siku moja tu, alisema. Tangu siku hiyo, kwa miezi minane, Protokole alikalia kimoja na Pistoni alikalia kingine, na wateja wengine walibanana kwenye ubao. Mimi ni Domitille, muuza kahawa, kwa hiyo mimi nilisimama. Protokole ni Polycarpe wa ofisi ya zone, abacost yake, ile suti ya serikali isiyovaliwa tai, imepigwa pasi hata siku ya mapumziko. Pistoni ni Xavier, aliyeendesha lori la Uvira mpaka mgongo wake ukakataa. Gari lenyewe lilikuwa chini ya mabati, hatua kumi kutoka kwenye mbabula yangu, jiko langu la makaa: gari la michezo la Kitaliano, la mwaka sitini na moja, la watu wawili tu. Na mwenyewe, Papa Grégoire, alikaa kwenye ncha ya ubao na kikombe chake mkononi. Mwaka huo serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini mimi sikumwuliza mtu karatasi kabla ya kummiminia kahawa.

Papa Grégoire ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Alikuwa shoferi wa mzungu mmoja wa shamba la kinini, ile miti ya dawa ya malaria, upande wa Kavumu kwa miaka kumi na minne. Mashamba ya wageni yalipochukuliwa, yule mzungu, patron wake, alimpa funguo za gari pale uwanja wa ndege, akamwambia alitunze lilivyo, asibadilishe kitu. Shemeji akaapa. Lakini kuna jambo ambalo patron hakulijua. Kila waliposhuka kwenda Uvira, shemeji aliendesha kona zote za mlima, na wakifika Sange, pale barabara inaponyooka kwenye tambarare, patron alimwambia: «Songa, sasa ni mimi.» Shemeji akahamia kiti cha abiria, akashika kofia yake. Miaka kumi na minne. Alichotaka sasa ni kimoja tu, kuendesha mwenyewe ule mnyoosho wa Sange mara moja.

Na macho yake yalikuwa yanakwisha. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari alisema mwaka hautamalizika akiwa bado anaona, na shemeji akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mtu. Ndiyo maana kila asubuhi nilipowasikia wale wawili, nilitamani kuwamwagia birika zima kichwani.

Motere ya kwanza ya gari, yaani injini yake, ilikuwa imepasuka. Asubuhi ile ya Alhamisi Pistoni ndiye aliyeanza, kama kawaida.

— Camille! Ile motere ya gari ingine, ya 404, tulileta, iko pale inalala bure. Kata ukuta wa mbele, iingize. Mu wiki mbili gari inanguruma.

Protokole aliruka, ingawa si sana, maana kiti kilikuwa kitamu.

— Kukata? Unakata kitu Bataliano balichora na mukono? Gari sawa ile inabakia vile ilizaliwaka. Original, Xavier!

— Original inatembeaka?

— Itatembea siku Bataliano banajibu barua yetu ya kuomba motere.

— Barua ya ngapi?

— Ya tatu. Ya kwanza ilikosa timbre ya posta.

— Na ya pili?

— Ya pili niliandika mu Kifaransa. Sasa nimepata padri moja anajua Kitaliano.

Camille alitoka chini ya mabati, mikono imejaa grisi. Huyu fundi ni mtu mpole, lakini Jumatatu ya wiki hiyo uvumilivu ulimwishia. Shemeji alikuwa hospitali siku ile, na wale wawili walibishana juu ya rangi kuanzia asubuhi hadi mvua ya mchana, kama libaki jekundu au lipakwe kijani ya bendera. Camille hakusubiri jibu. Alikwangua nyekundu yote, akapaka ile rangi ya kijivu ya chini, akasema mkikubaliana mtaniita. Hawakukubaliana. Walihamia kwenye motere.

— Mimi nauliza kitu moja, Camille alisema. Mipira imeisha hewa. Nijaze?

— Ine ya chini, jaza, Protokole alijibu. Lakini ile ya secours, ya akiba, usiguse! Hewa iko ndani ni ya sitini na moja. Ni hewa ya Italia.

— Eh Yezu!

— Unacheka? Siku batakuja kuangalia gari hii, batafungua, batanusa.

— Na kutu? Camille aliuliza. Kutu nayo niache?

— Kutu ya kwanza unaacha. Ile ya nyuma unaondoa.

— Nitajua je, gani ni ya kwanza?

— Inakuwa na heshima.

Camille aliniangalia. Nikampa kahawa, ningempa nini kingine?

— Hata serikali inasema turudie authenticité, asili yetu! Protokole aliongeza, kidole juu.

— Yetu, sha. Si ya Bataliano, Pistoni alimkata. Sikia mimi. Chini tunaweka ressort za jeep, springi ngumu, tunaipandisha. Nyuma tunakata, tunaweka banc ya kukalisha batu sita.

— Banc! Mu gari ya sport!

— Sport ni kupanda mulima ya Ngomo na batu munane na kuku. Kiisha tunafunga elise ya boti nyuma, ile feni ya kusukuma maji. Ukikosa kona, unaanguka mu lac, mu maji, unaendelea mpaka Goma. Bateau utalipa ya nini?

— Na milango itaingiza maji!

— Tutasoder milango, tutaifunga na moto. Utapita juu.

Nilishindwa kuvumilia.

— Mwenye gari iko hapa! Munaweza kumuuliza anataka nini, kiisha munyamaze ajibu?

Wakageuka wote wawili kwenye ncha ya ubao, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nikasikia mbabula yangu ikipasuapasua makaa. Papa Grégoire alizungusha kikombe chake.

— Mi niliapia patron, alisema polepole. Lakini ningependa kusikia inawaka. Mbele kiangazi, saison sèche, ifike.

— Munasikia? Aliapa! Anasema original! Protokole alipiga goti lake.

— Anasema iwake! Anasema motere! Pistoni naye akasimama nusu, akakaa tena upesi, asije mtu akachukua kiti.

Jamani! Nilikasirika hadi nikaungua kidole kwenye birika. Shemeji alitabasamu tu, uso wake umeelekea garini. Nilidhani anaangalia.

Hapo ndipo Colombe alipofika. Ni binti yake wa pekee, mwalimu kule Kavumu. Wiki iliyotangulia nilimtumia neno kupitia dereva wa mboga: njoo umwone baba yako. Sikusema zaidi ya hapo, nilikuwa nimeapa. Alishuka na mfuko wake begani, akanisalimu, «Jambo, mama mudogo,» akaenda kumshika baba yake mabega. Kisha akatazama chini ya mabati.

— Papa, nani alikubali batoe rangi?

— Rangi gani, mama?

— Ya gari.

Papa Grégoire akacheka.

— Unakuja na mavumbi ya njia mu macho, mwanangu. Iko pale. Nyekundu yake ya kwanza. Naiangalia kila siku nikikunywa kahawa.

Hakuna aliyecheka naye. Camille aliangalia mikono yake. Mimi nilishika birika kwa mikono miwili, maana nilielewa kwamba macho yake hayakungoja mwaka umalizike. Alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye gari la kijivu tangu Jumanne, na mimi nilikuwa nikimpa kikombe mkononi nikidhani ni adabu yake kutonyoosha mkono kwanza.

Colombe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimpungia baba yake mkono mbele ya uso, taratibu, mara moja, na macho ya mzee hayakufuata. Kisha akawageukia wale wawili kwenye viti vya ngozi, akawauliza kama anavyowauliza watoto darasani:

— Gari hii munaitengenezea nani?

Miezi minane kijiwe kile hakikuwahi kukosa jibu. Walikuwa na jibu la hewa, la kutu, la boti.

Safari hii Protokole alisimama. Alitoa kitambaa chake cheupe mfukoni, akafuta ngozi ya kiti alichokuwa amekalia, akakibeba kwenye kifua, abacost ikachafuka yote, akakipeleka chini ya mabati.

— Camille, alisema. Kata.

Pistoni alileta kiti cha pili. Hakusema kwamba ameshinda.

Papa Grégoire alisikia nyayo zao na vyuma vya viti vikigusa gari. Alielewa kila kitu, nilimwona usoni. Akatafuta mkono wa binti yake, akaupata.

— Wewe unajua kuendesha?

— Apana, Papa. Tonton Xavier atanifundisha.

— Kona za mulima, polepole. Pale Sange utakanyaga.

— Nitakanyaga, Papa.

— Basi nitakaa tena kiti ya abiria, alisema.

Nilikwenda kummiminia kahawa nyingine, nikainamisha birika, likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa.