Glasi Zisioshwe: Maisha ya Ishbel McAffer Cruickshank

Mchungaji, majirani wa Portnahaven, na ninyi wakwe zetu wa Dufftown mliovuka bahari jana huku feri ikiwayumbisha mpaka mkarudisha kifungua kinywa, karibuni. Mimi ni Lachlan, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa tangu asubuhi jikoni kwetu kinachozungumzwa ni chupa tu, wa kwetu wakitaka kaburini tunywe wiski ya hapa kisiwani Islay, wakwe wakitaka ya kwao, na sauti zimepanda mpaka paka amehama. Tulieni, marehemu aliacha neno juu ya jambo hilo, nitalifikia.

Ishbel alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Portnahaven, mtoto wa kwanza wa mzee Dougald McAffer na mama Flora. Baba yetu alikuwa mkaushaji wa shayiri katika kiwanda cha Kilnavar, akichimba udongo mweusi wa kinamasi na kuuchoma chini ya shayiri mpaka moshi ukaingia kila punje, na nyumbani kwetu iliaminika kwamba wiski isiyonukia moshi ni dawa ya kikohozi ya watoto. Ishbel alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari ya Bowmore aliyoimaliza mwaka 1958, akaajiriwa Kilnavar kupiga chapa barua, na mwaka 1962 akahamia Glasgow, kwenye chumba cha kuonjea cha kampuni iliyonunua wiski za Uskochi nzima na kuzichanganya.

Huko ndiko alikojifunza kuonja kwa pua kuliko ulimi, kutumia glasi za buluu zinazoficha rangi, kutia maji kidogo ili harufu ifunguke, na kutema bila haya. Alizipambanisha za Islay zenye moshi na chumvi, za Speyside zenye tofaha na asali, za Campbeltown zenye mafuta mafuta, za kusini zilizo nyepesi kama majani mabichi, na tulipomuuliza ipi bora alijibu, "Ya kazi gani?", jibu ambalo baba alilichukia kuliko tusi. Wala hakuosha glasi siku ileile, aliiacha hadi asubuhi akainusa ikiwa tupu, akisema wiski ikishanyweka haina tena wa kumpendeza.

Mwaka 1966 alimpata Gordon Cruickshank, fundi mapipa wa Dufftown, huko Speyside, na baba alipoambiwa aliweka kijiko chini. "Fundi mapipa ni sawa, kazi ya watu hiyo. Lakini Dufftown, mwanangu? Wale wanakunywa juisi ya tofaha wakaiita wiski! Kanisani siendi." Dada yangu aliumia sana, kwa kuwa hakuwa tayari kuingia kanisani bila kushikwa mkono na baba yake, wala hakuwa tayari kumwacha Gordon.

Basi Jumamosi moja mchana, Mei 1967, alipanga mezani chupa zilizovishwa soksi za baba za kuvulia samaki, akamwambia, "Baba, ukiitambua ya kisiwani kwetu, harusi naiahirisha. Ukikosea, utanisindikiza." Baba alicheka, akaonja, akazisukuma moja baada ya nyingine, "juisi, juisi, maji ya kuoshea vyombo," hadi akafika kwenye soksi ya kijivu, akafumba macho na kusema, "Hii ndiyo. Moshi huu nimeuwasha mimi." Soksi ilipovuliwa, ilikuwa wiski ya Dufftown, iliyozeekea ndani ya pipa kuukuu la Kilnavar, mbao zake zikiwa bado na moshi, ambalo Gordon alilikarabati kwa mikono yake. Baba alipiga meza, "Mmenichezea, nyie!" akatoka kwenda kuangalia kondoo ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ishbel hakubishana, na glasi hakuiosha. Asubuhi aliiweka mbele ya uji wa baba, tupu, akasema, "Nusa, baba. Sasa hakuna anayekushindanisha." Baba alinusa, akanusa tena, moshi wetu ulikuwepo kweli, na chini yake lilikuwepo tofaha, limetulia kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Alimgeukia mama akauliza, "Flora, suti yangu iko wapi?" Ndoa ilifungwa tarehe 24 Juni 1967 katika kanisa hilihili, na aliyecheza kuliko wote ni baba.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Catriona mwaka 1969 na Euan mwaka 1972. Mwaka 1983 Ishbel akawa mchanganyaji mkuu, mwanamke wa kwanza katika kampuni ile, na kwa kuwa mchanganyiko wake uliopendwa kila mahali ulihitaji moshi, tanuri la Kilnavar lililokuwa limezimwa liliwashwa tena mwaka 1989, kiberiti akakiwasha baba mwenyewe, mzee wa fimbo, akitamba mpaka mate yakamruka. Ishbel alistaafu mwaka 2001 akarudi hapa na Gordon, aliyetutangulia mwaka 2015.

Februari 2023 aligundulika na saratani, na dawa zikamnyang'anya pua, akalia, nasema wazi, kuliko alivyolia kuusikia ugonjwa wenyewe. Lakini Agosti mwaka huu, dawa zikiwa zimesimamishwa, alikuwa dirishani nyumbani wakati Kilnavar walipowasha tanuri, akapiga kelele, "Lachlan! Moshi! Nimeupata!" nasi wazee wawili tukacheza pale sebuleni. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2024, hospitali ya Bowmore, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta supu na kuni, na wenzake wa Glasgow mliokuja na glasi zenu za buluu.

Na sasa neno lake. Kaburini itafunguliwa chupa ya mwisho ya pipa lile la mwaka 1967, nayo imevaa soksi ya kijivu, kila mtu atapata tone, na asiulize mtu ni ya kina nani. Glasi zisioshwe. Kesho asubuhi, kabla ya feri, McAffer na Cruickshank wote tukae meza moja tuzinuse zikiwa tupu.

Lala kwa amani, dada. Sabuni tumeshaificha.