Zambarau ya Kuungaunga

Zilikuwa zimebaki siku tatu Idi iingie, na kijiwe chetu cha Parit Kelubi mwezi wa mfungo ni kichekesho kitupu. Wanaume wazima kwenye benchi la kahawa, na kahawa hakuna. Birika la Mak Senah, mama mwenye kijiwe, limefunikwa, vikombe vimepinduliwa, nasi tumekaa palepale tangu alasiri tunaisubiri magharibi kwa kubishana. Mimi ni Leman, wananiita Breki, kwa sababu niliendesha lori miaka thelathini sikuwahi kugonga hata kuku. Jioni hiyo nilikuja na mfuko wa plastiki, nikaukumbatia mapajani. Nilitaka kuwauliza jambo, na nilikuwa naona aibu.

— Breki, humo mna nini? Kama ni chakula, ondoka nacho, — akasema Mat Itik, mfuga bata.

— Nguo zangu. Suhaila mwaka huu kachagua zambarau.

Hapo hakuna aliyehitaji maelezo. Idi kwetu nyumba nzima huvaa rangi moja, kuanzia babu mpaka mtoto wa kubebwa, halafu picha inapigwa ngazini. Ukitokea na rangi yako peke yako, watu watakusema mpaka Idi nyingine.

— Si ushonewe? — akauliza Wayar, fundi umeme mstaafu.

— Mafundi walifunga oda kabla ya mfungo.

— Kila mwaka wanafunga, Breki! Leo ndiyo unajua?

— Nimechelewa, bwana. Nisaidieni nitokee zambarau kwa hizi hizi nilizonazo.

Sikuwaambia kwamba Suhaila, binti yangu, nilishamhakikishia kwenye simu mara tatu kuwa nguo iko kwa fundi.

Nikamwaga mfuko juu ya benchi. Baju, kanzu fupi ya sikukuu, niliyovaa kwenye harusi ya Suhaila, imepauka kama juisi ya zabibu iliyojaa barafu. Suruali ya rangi ya bilinganya. Sampin, lile shuka fupi la kufunga kiunoni juu ya suruali, zambarau yenye nyuzi za fedha. Na shati la timu yetu ya kuvuta kamba.

Mwalimu Kasbi akalinyanyua lile shati kwa vidole viwili.

— Hili lirudi mfukoni.

— Si zambarau?

— Lina namba tisa mgongoni, Breki. Utaswali Idi na namba tisa?

Wakacheka mpaka Mat Itik akashika kifua. Mwalimu akavipanga vilivyobaki kimoja juu ya kingine, kama anapanga madaftari.

— Rangi moja si lazima ifanane kabisa, — akasema. — Ziwe za ukoo mmoja tu. Kilichokoza kikae chini, kilichopauka juu. Mtu aone umepangilia, asione umeokoteza.

— Ataona kaokoteza, — Mat Itik akadakia. — Juu juisi, chini bilinganya. Huyo ni watu wawili.

— Sampin ndiyo inawaunganisha.

— Na sampin atamfunga nani?

Likamtoka Mat Itik hivyo, kisha akajuta. Miaka yote sampin yangu aliifunga Rokiah, mke wangu. Mimi nikijifunga mwenyewe inaniporomoka kabla sijafika msikitini. Na wote pale walibeba jeneza la Rokiah mwezi wa Rajabu.

Wayar akawahi kuliziba pengo.

— Sikilizeni, hapa tatizo ni taa. Naweka balbu ya zambarau, kila kitu kinakuwa zambarau. Mpaka nyama ya rendang kwenye sahani!

— Picha inapigwa nje, we mzee, saa nne asubuhi! — nikamwambia.

— Basi navuta waya mpaka ngazini.

— Maji! — akasema Mat Itik. — Nguo ikilowa inakoza. Aloweshe ile baju, aivae mbichi.

— Ikikauka je?

— Kila akishapeana mikono na wageni watano, anamwagiwa ndoo.

Nikamgeukia Mwalimu nikitegemea akili. Akafikiri, akakuna ndevu.

— Au kila mgeni apewe miwani ya jua mlangoni.

Nilicheka. Nilicheka na moyoni najiona mtu wa hovyo, maana walikuwa wanajisumbua kuutengeneza uongo wangu bila kujua.

Ndipo akatoka Rizuan na sahani ya tende. Huyu ni mkwe mpya wa Mak Senah, katokea mbali, Perlis, hatujui sawasawa. Akazitazama nguo, akanitazama mimi.

— Samahani, Pak Leman. Binti yako hakukuletea kitambaa?

— Aliniletea.

— Lini?

— Shaaban.

— Mafundi si walikuwa bado wazi? Kwa nini hukukipeleka?

Aliuliza kwa adabu kabisa, anataka kujua tu. Mat Itik akainama kutazama kandambili zake.

— Kilikuwa cha mtu mmoja, — nikasema.

Wakanigeukia.

— Miaka thelathini na tatu kitambaa cha Idi kinaingia kwangu vipande viwili, changu na cha Rokiah. Nikafungua kifurushi, kipande kimoja. Nikakifunga tena nikakitupa juu ya kabati. Suhaila akipiga simu, nasema kiko kwa fundi. Mzee mzima, namdanganya mtoto aliyefiwa na mama yake. Naona haya hata kuwaambia.

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende. Rizuan akamimina kahawa tuliyoingoja mchana kutwa, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nikatoa simu palepale mbele yao, kwa sababu nikifika nyumbani ningeghairi.

— Baba, umefuturu?

— Nimefungua. Suhaila, kile kitambaa sikukipeleka. Nilikudanganya, mwanangu. Nisamehe.

Nilimsikia akivuta pumzi.

— Lakini kipo?

— Kipo.

— Basi usikipeleke popote. Nitakikunja nikufunge kiunoni, kiwe sampin. Juu vaa ile ya harusi yangu.

— Wewe umejulia wapi kufunga?

— Mama alinifundisha, siku zile za mwisho. Alisema baba yako hataweza, na hatasema.