Ndoo ya Seline Adongo

Waombolezaji wenzangu, wakwe zetu wa boma hili la Kisian, na nyote mliotoka Mamboleo, Manyatta na mjini, mimi ni Apiyo, pacha wa marehemu, nimepewa dakika chache na shemeji yake Dishon, mkubwa wa boma hili na mzee wa kanisa, yule aliyeketi pale mbele kwenye kiti chenye mto, nami nitazitumia zote.

Marehemu Seline Adongo alizaliwa tarehe 14 Juni 1972 huko Asembo, muda mfupi baada yangu, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mpole na mimi ndiye niliyegombana kwa niaba yake, kazi ambayo mpaka leo sijastaafu.

Alisoma hukohuko Asembo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990, akasomea mambo ya hoteli Nairobi, akaajiriwa huko na kufunzwa kuonja divai, na tarehe 12 Desemba 1998 akafunga ndoa na marehemu Byron, mdogo wake Dishon, mtu mwema kweli, wakajaliwa binti mmoja, Lornah, aliyezaliwa Kisumu mwaka 2000.

Machi 2009 alifungua duka lake la divai mtaa wa Milimani, Kisumu, na kwa kuwa wengi wenu kazi yake mliijua kwa uvumi tu, nawaeleza kwamba alikuwa akionja na kununua divai nyekundu za Bordeaux, kule Ufaransa, hasa zile za mtindo wa kisasa, ambazo zabibu zake huachwa ziive kabisa na divai ikalazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, ikatoka nzito na laini, yenye harufu ya matunda meusi na moshi kidogo, maana alisema mteja wa Kisumu mwenye nyama choma mezani hawezi kungoja chupa ikomae mpaka yeye awe babu. Aprili 2012 alikwenda Bordeaux mwenyewe kuonja, akarudi amezikataa nyingi zenye majina makubwa, akisema zina ladha ya mbao tupu.

Asubuhi ya kuonja hakula omena, wale dagaa wa ziwani, wala kujipaka mafuta ya kunukia, alimimina kidogo, akanusa, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema yote ndooni, kwa sababu anayemeza hafiki mbali kabla ulimi haujalewa, na ndoo yenyewe ni hii ya bati mnayoiona kando ya jeneza.

Byron alifariki tarehe 9 Agosti 2014, na kabla udongo wa kaburi haujakauka, Dishon alilitaka duka, Seline akakataa, na Februari 2016 Dishon akaiiba ndoo hii ikiwa imejaa, akaibeba mpaka kwenye kikao cha wazee wa kanisa, akasema, "Hii ndo yenye anakunywanga kila siku, wazee wangu, nuseni tu." Wazee wakanusa, wakatikisa vichwa, wakamvua kitambaa cha chama cha akina mama, wakamnyima meza ya Bwana hadi alipokufa, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kilichomo ndooni ndicho kisichoingia tumboni. Ndiyo maana leo hatuna mchungaji katika hema hili, na mimi kwa hilo sijasamehe, wala sina haraka.

Julai 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, si ya ini, nyinyi mliokuwa mkinong'ona, akatibiwa Kisumu, akafariki tarehe 3 Mei 2025 mikononi mwa Lornah, baada ya kuniuliza kama siku moja watu watajua kwamba hakuwa mlevi, nami nikamwahidi kwamba watajua kabla hajafunikwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Milimani waliompikia, na wafanyakazi wa dukani waliolinda kazi yake.

Sasa Lornah anafungua chupa ya Bordeaux ambayo mama yake aliichagua mwenyewe, na gilasi ya kwanza anampelekea mzee Dishon. Simama, shemeji, tukuone. Ukiitema humu ndooni, utakuwa umewaonyesha watu wote jinsi ndoo inavyojaa bila mtu kunywa, na ukiimeza, mzee wa kanisa atakuwa amekunywa pombe matangani mbele ya waumini wake. Mdomo wako uko huru, kama siku ile, na mimi nitasimama na hii ndoo mpaka uchague.

Adongo, pacha wangu, lala salama. Mimi bado niko macho.