Chumba cha Usemi Kisifungwe: Risala ya Watu wa Benchi

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo. Walimu mliofuatana naye. Daktari mfawidhi wa hospitali hii. Wanafunzi wetu wapendwa. Na ninyi ndugu mliokaa pembeni ya wagonjwa wenu: tunawasalimu wote, wanaoweza kuitikia na wanaoitikia kwa macho.

KARIBU KWETU

Sisi ni watu wa benchi. Ukiingia lango kuu, ukapita dirisha la dawa, ukaifuata korido mpaka pale rangi ya ukuta inapobadilika, utaliona benchi letu refu la mbao, limelainika kwa kukaliwa. Hapo ndipo tunapokaa kila wiki na wagonjwa wetu wa usemi: wazee ambao kiharusi kimewanyang'anya maneno, na watoto ambao maneno yanawakwama kooni. Wenzangu wamenichagua mimi nisome. Walisema, "Bibi, wewe una subira, na mwandiko wako unasomeka." Shule yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo nikikwama mahali, mgeni rasmi, nivumilie. Hapa tumezoea watu wanaokwama.

TULIKOTOKA

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka. Mpaka leo, ukiingia asubuhi kabla hakijapata hewa, kinanukia wanga na pasi. Wanafunzi wenu walipokuja kufanya utafiti wa matatizo ya mawasiliano, hospitali haikuwa na pengine pa kuwaweka, wakapewa humo. Walifagia wenyewe. Waliazima viti vya chekechea, ndiyo maana wazee wetu wanakaa magoti yakikaribia kidevu. Kwenye rafu za mashuka wakapanga kadi za picha: kikombe, kiatu, kuku, ngazi. Kioo cha dirisha kimepakwa rangi nyeupe, basi jua likiingia linakuwa kama maziwa, na ukikaa humo kidogo unasahau kama ni asubuhi au ni jioni.

Kiongozi wao ni binti mmoja ambaye sisi tunamwita Taratibu, maana hilo ndilo neno lake kwa kila mtu.

Mimi nilimleta mume wangu. Ni kinyozi. Zamani wanaume walikuwa wakija kwake hata nywele hazijaota, wanakuja kusikiliza tu. Kiharusi kilipompata, kilimwachia neno moja: sabuni. Chai ni sabuni, mto ni sabuni, na mimi mkewe ni sabuni. Siku za mwanzo wajukuu walikuwa wanakimbilia dukani, mpaka kabati likajaa vipande vya sabuni. Siku moja alilifungua, akayatazama yale marundo ya sabuni, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Sabuni." Tukacheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hapo nikajua kwamba yeye yupo palepale alipokuwa. Kilichofungwa ni mlango.

Kuna jambo moja la pale kwenye benchi ambalo tungependa ulisikie, ingawa si la kitaalamu. Niliwaambia wenzangu kwamba nikipitiwa na usingizi mchana, mume wangu anaongea. Ndotoni ana mkasi mkononi na habari zinaingia ndani ya habari, kama zamani. Nikiamka nampa ripoti: "Umesema bati la jikoni linavuja." Ananitazama, anakataa kwa kichwa. Mama mmoja akadakia, "Hata wangu anaongea." Na fundi mwashi, ambaye humleta binti yake mwenye kigugumizi, akasema wa kwake humsomea gazeti zima ndotoni, mpaka matangazo ya vifo. Kumbe benchi zima tunaota ndoto moja.

Taratibu aliposikia akayaandika hayo. Mwalimu wake akamwambia ndoto haziingii kwenye utafiti. Akamjibu, "Basi nitaziweka kwenye ukurasa wa shukrani, mwalimu." Na kweli aliziweka.

SAUTI ILIYOTUSHTUA

Utafiti wa Taratibu ulihusu namna sisi jamaa tunavyozungumza na wagonjwa wetu. Alituomba ruhusa, akaturekodi kwa simu tukiwa nao, kisha siku moja akatuita wote ndani atusikilizishe. Tulitega masikio tuwasikie wapendwa wetu. Hawakuwamo.

"Unataka maji? Anataka maji huyu. Sema maji, baba. Haya, mleteeni maji."

Yote hiyo ni sauti yangu. Yeye anasikika kwa mbali, pumzi tu, ile pumzi ya mtu anayetaka kuanza. Fundi mwashi naye alikuwa amejibu kila swali aliloulizwa binti yake, mpaka la jina la rafiki yake, na hilo akalikosea.

Taratibu akasema, "Mnawapenda sana, ndiyo maana mnawahi kuwajibia." Akatoka, akarudi na jagi la maji na vikombe. Utaratibu aliotuwekea ni huu: anayeuliza swali anapiga funda moja la maji, analishika mdomoni, na halimezi mpaka aliyeulizwa amejibu mwenyewe, kwa neno, kwa mkono, hata kwa kukataa. Fundi alimeza la kwake hapohapo.

"Baba, hilo si la kunywa," Taratibu akamwambia.

"Nimeshinda juani, binti yangu. Hilo lilikuwa la kwangu. Sasa nipe la utafiti."

TULIYOYAPATA

Mgeni rasmi, ungetukuta humo ndani ungedhani umeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine. Watu wazima kwenye viti vya watoto, mashavu yamejaa, kimya, mwanga ule wa maziwa umetufunika, na sote tunatazama mdomo wa mtu mmoja. Kimya kile mwanzoni kilituumiza. Baadaye tukakizoea, kisha tukaanza kukipenda. Kwenye kimya kile unaona neno linavyokuja: kwanza kwenye nyusi, halafu shingoni, halafu vidole vinachezacheza, halafu lenyewe.

Alasiri moja nyumbani nilimuuliza mume wangu, chai au maziwa? Nikashika funda langu. Midomo yake ikajaribu, ikaacha, ikajaribu tena. Pazia lilikuwa linapanda na kushuka. Jirani alikuwa anagonga msumari, akapumzika. Nikawa sijui kama niko macho au nimo katika usingizi wangu wa mchana. Ndipo akasema, kwa uzito wa mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani, "Dirisha."

Haikuwa chai wala maziwa. Muda wote ule nilikuwa namhangaisha na vikombe, kumbe yeye anataka dirisha lifunguliwe lote asikie watu wanavyopita. Nikayameza maji, nikalifungua. Tukakaa hapo mpaka jua likazama, hatukunywa chochote.

Binti wa fundi naye alikwenda mwenyewe dukani kununua daftari. Baba yake alisimama nje, funda mdomoni, asije akaingilia. Mtu wao wa karibu akapita, akamsalimu. Fundi akamtumbulia macho, mashavu yamevimba.

"Siku hizi hata salamu huitiki? Umepata kazi ya ghorofa, eh?"

Fundi akanyoosha kidole dukani. Yule akaenda zake amenuna. Ndani, binti alikwama kwenye herufi ya kwanza, foleni ikaguna, yeye akaimaliza. Alitoka na daftari lake, na chenji aliihesabu kwa sauti. Ugomvi wa salamu tulikwenda kuusuluhisha sisi wenyewe, benchi zima.

YANAYOTUSUMBUA

Mlangoni pa chumba pamebandikwa tangazo. Linasema utafiti umekamilika, kwamba mwisho wa mwezi ufunguo utarudishwa, na chumba kitakuwa stoo ya mashuka kama zamani. Hatuna ugomvi na mashuka, mgonjwa lazima atandikiwe. Lakini utafiti umekamilika, sisi hatujakamilika. Mume wangu ana maneno machache mkononi na mengine yako njiani. Hospitali yetu haina mtaalamu wa tiba ya usemi, na aliye karibu yuko umbali wa safari ambayo mgonjwa akifika amechoka hata kufungua mdomo.

Tulimuuliza Taratibu itakuwaje. Hakutuficha. Alisema neno lisipofanyiwa mazoezi linarudi lilikotoka. Mama mmoja akamwambia, "Basi usiondoke." Akajibu, "Mama, mimi ni mwanafunzi. Ufunguo si wangu." Halafu akajifanya anapanga kadi.

Na huko nje, mgeni rasmi, hali bado. Watu wanampigia mume wangu kelele kana kwamba ni kiziwi. Wengine wananiuliza mimi, naye amekaa mbele yao, "Eti, anasemaje mzee?" Chumba hiki ndicho mahali pekee ambapo anaulizwa yeye, na anangojwa. Kikifungwa, ninaogopa atarudi kwenye sabuni. Hilo nimeliandika kwa niaba ya wenzangu wote, kila mmoja ana sabuni yake anayoiogopa.

TUNALOKUOMBA

Tunaomba chumba kibaki wazi. Tunaomba wanafunzi wapokezane, wapya waingie kabla wa zamani hawajatoka, ili mgonjwa asiachwe katikati ya neno. Tunaomba chuo na hospitali wakae pamoja watafute mtaalamu mmoja wa kudumu, na kama Taratibu akihitimu atapenda kurudi, msimtafute mwingine. Kwa upande wetu, usafi ni wetu, na fundi mwashi amejitolea kuitengeneza sakafu inayomomonyoka pale mlangoni.

Kuna ombi moja zaidi, halimo katika karatasi hii. Nilitaka kuliandika, mume wangu akaweka kiganja chake juu ya karatasi. Akasema, "Acha," neno ambalo hulitumia kwangu kuliko yote. Kisha akajigusa kifua, akasema, "Mimi." Amekuwa akijifungia na Taratibu kulifanyia mazoezi, nami sikuruhusiwa kusikia. Kwa hiyo sijui ni neno gani, wala kama litakuja.

Mgeni rasmi, Mungu akuzidishie afya, akulindie masikio yako, na akurudishe salama kwa wanaokungoja. Mimi nakaa sasa. Yeye ndiye anayesimama, ameshika mgongo wa kiti. Litachelewa. Tunakuomba wewe na wote mliomo humu, mtazameni tu, na mtu yeyote asimsaidie.

Ni sisi, wagonjwa na jamaa zao,
Watu wa Benchi la Chumba cha Usemi.