Bibi Jerop na Wanawake Waliokosekana kwenye Foleni

Tarehe 30 Juni 1958, Bibi Rael Jerop atastaafu baada ya kuitumikia zahanati yetu ya mashamba kwa miaka ishirini na saba. Alianza mwaka 1931 akiwa mfagiaji, akajifunza kufunga vidonda kwa kutazama tu, kisha akapelekwa Nakuru kusomea uuguzi. Alipewa baiskeli, akaanguka nayo mara mbili kwenye njia ya Kabazi. Siku ya tatu aliirudisha, akasema miguu yake ina breki nzuri zaidi.

Lakini tutamkumbuka hasa kwa mambo ya mwaka 1954. Ndui iliingia katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja upande wa Elmenteita. Wanaume na watoto walipanga foleni wakachanjwa. Wanawake vijana hawakuonekana. Daktari alitaka askari wawalete kwa nguvu. Jerop akaomba apewe nusu siku.

Alimkuta msichana aitwaye Wangu nyuma ya ghala la pareto.

"Mbona unajificha?"

"Niko mwezini, mama. Wanasema ukichanjwa ukiwa hivi damu inakauka, huzai tena."

"Mimi nilichanjwa nikiwa hivyo hivyo, na nimezaa watatu. Waite wenzako."

Walikuja thelathini na wanane. Jerop aliwaingiza ghalani, akafunga mlango, akazungumza nao mambo ambayo hakuna mtu wa zahanati aliyewahi kuwaambia: wafue vitambaa vyao kwa sabuni na kuvianika juani, badala ya kuvificha uvunguni vikiwa na unyevu, waoge kila siku, tumbo likiuma walikande kwa kitambaa cha maji moto, na wapumzike bila kuona haya. Wote wakachanjwa, isipokuwa mwanamke mmoja, Wachuka, aliyeondoka kimya.

Wiki mbili baadaye Wachuka aliugua ndui. Jerop alimuuguza siku kumi na tisa, akimwosha na kumnywesha uji, bila neno la lawama. Alipona, uso umejaa makovu. Baadaye alizunguka na Jerop nyumba kwa nyumba, akiwaambia wanawake, "Nitazameni."

Tulipomsifu Jerop, hakufurahi. "Miaka mingi nimeandika kitabuni 'wamekataa'," alituambia wakati wa chai. "Sikuwahi kuwauliza kwa nini."

Aliandika barua saba kuomba chumba cha wanawake chenye mlango unaofungika. Kilijengwa mwaka 1956.

Juzi muuguzi mpya, Wangare, alimuuliza kazi ngumu kuliko zote ni ipi. "Kunyamaza," akajibu, "mpaka mtu amalize kusema."

Mama Jerop, asante kwa miaka yote hiyo. Ukafike salama kwako Ravine, na Mungu akujalie afya, wajukuu wengi na usingizi usiokatizwa na mtu anayebisha hodi.

Ephantus Thuo, karani, kwa niaba ya wenzako